Kutia Saa Majira

Mjukuu wangu, ambaye yuko darasa la nne, aliniuliza swali mwezi uliopita ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa amesimama kando ya meza akizitazama saa zangu mbili za mkono, ambazo nilikuwa nimezivua na kuzilaza juu ya gazeti. Moja ilionyesha saa kumi na dakika kumi na mbili za jioni. Nyingine ilionyesha saa kumi na dakika tisa. Akazitazama kwa zamu, kisha akanitazama mimi. "Babu," akasema, "ipi inasema kweli?"

Mtu aliyefundisha shule za msingi kwa miaka 38, na miaka mingi kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu, hakosi jibu la kumpa mtoto. Nilikuwa nalo jibu. Lakini swali lile lilinigusa mahali penye kidonda cha zamani, nikamwambia angoje. Ndugu msomaji, insha hii ndiyo njia niliyopita kabla ya kurudi kwa mtoto yule.

Kwanza nizieleze saa zenyewe, maana hoja yangu imo ndani yake.

Saa ya kwanza ni Seiko ya wapiga mbizi, ambayo wapenda saa huijua kwa namba yake, SKX007. Ilianza kuuzwa mwaka 1996, na kampuni ikaacha kuitengeneza mwaka 2019. Haikuwa saa ya matajiri. Baharia, fundi, au mwalimu aliyejinyima, aliweza kuipata. Mimi nilipewa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa akifanya kazi melini, aliporudi likizo mwaka 1999. Haina betri. Ndani yake mna kamani, na juu ya mtambo mna kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara, ambacho huzunguka kila mkono wa mvaaji unapotikisika, na kwa kuzunguka kwake huikaza ile kamani. Yaani chakula chake ni mwendo wako. Ukiivua ukaiacha mezani, baada ya kama saa 40 husimama. Wala haina ufunguo wa kuijaza kwa vidole kama saa za babu zetu, sharti uitikise. Hata mshale wake wa sekunde hausimami unapoirekebisha, hivyo kuilinganisha na sekunde ya redio ni kazi ya kubahatisha. Mtambo wake hupiga mara 6 kila sekunde, na kiwanda chenyewe kilikiri kwamba inaweza kuchelewa sekunde 20 au kuwahi sekunde 40 kwa siku moja.

Saa ya pili ni Casio niliyonunuliwa na wanangu nilipostaafu mwaka 2011. Ina mishale kama saa nyingine, na chini ya mishale mna kidirisha chenye tarakimu. Inaendeshwa na betri na kipande kidogo cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kila sekunde. Kosa la saa za namna hiyo kwa kawaida halizidi sekunde 30 kwa mwezi mzima. Betri hudumu kwa miaka. Ina tarehe, ina kengele ya kuamsha, ina kipimo cha mbio, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya ile ya kwanza. Ukiisahau kabatini ukarudi baada ya miezi mitatu, utaikuta inaendelea kuhesabu kana kwamba haikuona kuwa hukuwapo.

Basi mtu mwenye akili timamu atauliza, ushindani uko wapi? Katika kazi moja ambayo saa imeumbwa kuifanya, saa ya bei ndogo inaishinda ya bei kubwa mbali kabisa. Hapo mimi sibishi. Nimewasikia watu wakisema kwamba saa ya kamani ina roho, na kwamba ile ya betri ni mashine tupu. Sikubaliani nao. Chuma ni chuma. Tena saa ya betri si kitu cha kudharauliwa kwa kuwa ni mpya, kwani saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi, Astron, iliuzwa na Seiko hao hao tarehe 25 Desemba 1969, kwa bei ya yen 450,000, na wakati huo mimi nilikuwa bado kijana. Yaliyokuwa ya kifalme siku ile leo yanauzwa sokoni, na hilo ni jambo jema.

Kuna jambo dogo tu ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunalipata katika mishale na hatulipati katika tarakimu. Siku yetu inaanza jua linapochomoza, na saa moja kwetu ni saa ile ambayo mshale unaelekea saba. Nilipowafundisha watoto kusoma saa niliwaambia: tazama mshale mfupi ulipo, kisha vuka hadi ng'ambo yake, hapo ndipo saa yetu ilipo. Mtoto huvuka kwa jicho tu. Katika tarakimu hakuna ng'ambo. Lazima utoe sita au uongeze sita. Hata hivyo hesabu hiyo haimshindi mtu, na Casio yangu ina mishale pia. Kwa hiyo nayo si hoja ya kuiangusha.

Hoja yangu ni nyingine, na siwezi kuieleza bila kueleza kosa nililolitenda.

Mwaka 2001 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja katika mji mdogo wa pwani ya Tanga, penye mto mpana na kivuko. Baadhi ya wanafunzi wetu walitoka ng'ambo. Mwaka huo shirika moja la hisani lilitupa nafasi moja ya ufadhili: mtoto mmoja wa darasa la saba angelipiwa sekondari yote, ada, sare, vitabu na nauli. Nilitakiwa kusimamia jaribio la maandishi siku ya Jumamosi na kuzituma karatasi kwa basi siku ya Jumatatu. Niliandika ubaoni kwa mkono wangu kwamba mlango utafungwa saa 2:00 asubuhi, na atakayechelewa asijisumbue kuja.

Juma hilo nilikuwa nimelala kwa malaria siku tatu. Seiko yangu ilikuwa mezani, nayo ikasimama. Asubuhi ya Jumamosi niliamka nikiwa bado dhaifu, nikaitikisa, nikaivaa, na nilipofika shuleni nikairekebisha kwa saa ya ukutani iliyokuwa katika chumba cha walimu. Nikatoka nikiwa na saa mkononi inayotembea vizuri kabisa.

Walikuwa wameingia watoto kumi na mmoja. Saa yangu ilipofika saa mbili kamili nikaufunga mlango. Dakika mbili baadaye msichana mmoja akafika mbio, viatu mkononi, sketi imelowa hadi magotini. Nitamwita Mwanaidi, ingawa si jina lake. Alikuwa akitoka ng'ambo. Katika hesabu hakuna aliyemfikia darasani.

Nikamwambia amechelewa. Akasema, "Samahani Mwalimu, saa mbili bado. Kivuko kimefunga gati saa mbili kasoro robo, na kutoka gatini hadi hapa ni dakika kumi. Nami nimekimbia." Tazama jinsi alivyojenga hoja yake, msomaji. Ilikuwa hesabu safi, na mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu hivyo.

Mwalimu mmoja kijana, aliyekuwa akinisaidia kugawa karatasi, alikuwa na Casio ya mishale na tarakimu, ya aina hii hii niliyo nayo leo. Akaitazama. Akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, Mwalimu Mkuu, yangu inasema saa mbili kasoro dakika tano." Nikamwonyesha mkono wangu. Nikasema, kwa sauti ambayo wote ndani waliisikia, kwamba saa ile imetoka Japani, inakwenda mita 200 chini ya bahari, haiwezi kushindwa na mchezo wa watoto. Kisha nikamgeukia msichana. "Wewe ni mwongo," nikamwambia. "Umechelewa, na sasa unataka kunifundisha saa." Watoto wengine wakacheka, kama watoto wanavyocheka mwalimu mkuu anapotaka wacheke. Mwanaidi akavaa viatu vyake akaondoka.

Usiku ule nilifungua redio yangu ya betri kusikiliza idhaa ya dunia ya BBC. Kabla ya taarifa ya habari vikalia vile vipigo vya Greenwich, vitano vifupi na cha sita kirefu. Nikatazama mkononi. Saa yangu ilikuwa mbele kwa dakika saba.

Sikuhitaji kutafuta sababu. Saa ya ukutani ya chumba cha walimu ilikuwa mbele kwa dakika saba kwa amri yangu mwenyewe. Mwanzoni mwa muhula niliagiza isogezwe ili walimu wawahi vipindi. Niliwawekea wenzangu hila hiyo, nikaisahau kwa sababu ya homa, ikaninasa mimi. Na kupitia kwangu ikamnasa mtoto.

Sasa sikiliza sehemu iliyo mbaya zaidi. Ilikuwa Jumamosi usiku. Bahasha ya karatasi ilikuwa kabatini mwangu, na basi lingeondoka Jumatatu. Nilikuwa na karatasi moja ya maswali iliyobaki, ile ya Mwanaidi. Nilikuwa na Jumapili nzima ya kuvuka mto, kumwita, na kumkalisha chini ya mwembe wa kwao kwa saa mbili. Hakuna aliyenizuia. Nilijiambia kwamba shirika lisingekubali. Nilijiambia kwamba nidhamu ya shule ingevunjika iwapo mwalimu mkuu angeonekana amekosea mbele ya wanafunzi. Nilijiambia kwamba huenda hata angefanya asingechaguliwa. Jumatatu bahasha ikaondoka na karatasi kumi na moja. Akachaguliwa mvulana mmoja mwema, ambaye hana hatia yoyote katika jambo hili.

Kwa hiyo mjukuu wangu anapoiuliza saa ipi inasema kweli, mimi nasikia swali lingine: ni saa iliyosema uongo siku ile, au ni mimi? Saa haisemi uongo. Saa hukosea. Uongo ulianza pale nilipoonyeshwa saa nyingine nikakataa kulinganisha, na ulikamilika usiku nilipojua nikanyamaza. Kukosea ni kwa kila kipimo. Mizani hukosea, futi hukosea, mtihani hukosea, na mwalimu hukosea zaidi ya hivyo vyote. Wazee wa pwani hawasemi tu saa nzuri. Husema "kutia saa majira", yaani kuirudisha kwenye wakati wake. Ndani ya maneno hayo mna kukiri kwamba saa, hata iwe nzuri vipi, itatoka njiani, na kwamba kuna mtu mwenye wajibu wa kuirudisha.

Miaka mitatu baadaye shemeji yangu alirudi tena likizo. Tulikuwa tumekaa ufukweni jioni moja, maji yanakupwa, nami nikawa naichezea ile pete inayozunguka kioo cha saa. Nikamwuliza kwa nini inageuka upande mmoja tu, wa kushoto, na ukiilazimisha kwenda kulia inakataa. Akacheka. "Shemeji, miaka yote hii hujui unachokivaa?"

Akanieleza. Mpiga mbizi anapozama huigeuza pete mpaka alama yake ilingane na mshale wa dakika. Tangu hapo mshale ukienda, husoma kwenye pete ni dakika ngapi amekaa chini, kwani hewa aliyoibeba ina kipimo. Sasa huko chini kuna miamba, kuna kamba, kuna vyuma vya meli. Pete inaweza kugongwa ikasogea bila mwenyewe kujua. Saa nyingi za mbizi za miaka ya 1950 pete zake ziligeuka pande zote mbili. Ikigongwa kwenda upande mmoja, ilimwonyesha mtu kwamba amekaa dakika 20 na kumbe amekaa 30. Naye angeendelea na kazi mpaka hewa imwishie. Ndipo watengenezaji wakaweka meno chini ya pete, katika hii yangu vituo 120 kwa mzunguko mmoja, ili iweze kwenda upande mmoja tu. Ikigongwa sasa, itamwonyesha kwamba amekaa chini muda mrefu kuliko alivyokaa kweli. Atapanda juu mapema. Atapoteza dakika chache za kazi, lakini hatapoteza roho.

Sikulala vizuri usiku ule. Niliona kwamba fundi asiyenijua, katika nchi nisiyowahi kufika, alikuwa amelifikiria jambo ambalo mimi mwalimu sikulifikiria. Alijua kwamba chombo chake kitakosea. Hakuahidi kwamba hakitakosea. Alijiuliza: kikikosea, kosa litamwangukia nani? Akakitengeneza ili kosa liangukie mahali pepesi.

Pete yangu mimi ilikuwa ikigeuka upande gani? Nilipokuwa na shaka kuhusu mtoto, shaka ile ilimwangukia nani? Nikijichunguza kwa haki, miaka mingi iliwaangukia watoto. Kalamu ikipotea, aliyekaa karibu ndiye mwizi. Kazi ya nyumbani ikiwa nzuri kupita kiasi, kaifanya kaka yake. Sikuwa mkatili, nadhani wengi walionijua watanishuhudia. Nilikuwa tu nimeizoea pete inayogeukia kwangu, ambayo kila ikigongwa mimi nabaki salama.

Najua mwalimu mwenzangu atanipinga hapa. Atasema, ukimpendelea kila mwenye shaka, utawaharibu. Watajua kwamba mlango haufungwi kweli. Na wale kumi na mmoja waliowahi, waliolala mapema na kutembea gizani, haki yao iko wapi? Ni swali zito, na sitaki kulipita juu juu.

Jibu langu ni hili. Pete ya mpiga mbizi haijaondoa dakika. Zipo 60, zimeandikwa, na zikiisha sharti mtu apande. Mlango lazima ufungwe, na mtoto aliyefika saa mbili na nusu angerudi nyumbani, nami nisingekuwa na deni kwake. Ninachosema kinahusu zile dakika chache ambazo kipimo chenyewe hakina uhakika nazo. Humo hapana sheria inayovunjwa, kwa sababu humo sheria haioni. Anayeona ni mtu, na mtu huyo lazima aegemee upande fulani. Wale kumi na mmoja wasingepungukiwa chochote kama wa kumi na mbili angeingia, isipokuwa mshindani mmoja hodari, na hakuna mtu mwenye haki ya kupunguziwa washindani kwa kosa la saa.

Tena upande wa kuegemea si mmoja kwa kazi zote. Kwa mpiga mbizi usalama uko katika kuwahi. Kwa mtoto aliye mlangoni uko katika kungoja. Muuguzi anayepima dawa, hakimu anayepima ushahidi, muuza duka anayepima sukari, kila mmoja ana pete yake. Mwenye duka akiwa na shaka na mizani yake, aongeze punje chache kwa mnunuzi. Jambo la kujiuliza ni moja tu: katika shughuli hii, nani yuko chini ya maji, na nani amekaa juu ya mashua?

Huenda mtu akasema kwamba ningekuwa na Casio mkononi yote haya yasingetokea. Lakini Casio ilikuwapo! Ilikuwa kwenye mkono wa kijana aliyesimama hatua mbili kutoka kwangu, na ilisema kweli. Usahihi wote wa kwatsi haumsaidii mtu aliyekwisha kuamua. Na sasa ninayo mwenyewe, nimeziona hatari zake pia. Mwaka fulani fundi aliibadilisha betri, akaziweka tarakimu sawasawa, lakini mishale akaiacha nyuma kwa dakika nne. Nikatembea na saa yenye kauli mbili kwa karibu juma zima. Nikichelewa mkutano niliitazama mishale; nikitaka mkutano umalizike niliziangalia tarakimu. Nilijicheka nilipojigundua. Aidha, saa isiyokosea sana humfanya mwenyewe asahau kwamba inaweza kukosea. Ile ya kamani, kwa kuwa najua kila siku inakimbia kidogo, hunirudisha kuilinganisha kila mwisho wa juma. Siisifu kwa udhaifu wake. Nasema tu kwamba udhaifu unaojulikana una faida ambayo ubora usiochunguzwa hauna.

Nilimwona Mwanaidi tena mwaka 2016. Nilipeleka suruali ipunguzwe kiunoni, maana uzee umenikausha, na fundi cherehani aliyeinua kichwa alikuwa yeye. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Nilikaa kwenye benchi. Nikamweleza yote, dakika saba, saa ya ukutani, redio, bahasha, na ile Jumapili.

Hakuacha kushona. Aliponyamazisha mashine akasema, "Nilijua kwamba niliwahi, Mwalimu. Hesabu niliifanya njiani. Ule mtihani, pengine hata ningeingia ningeshindwa, Mungu ndiye ajuaye. Lakini mpaka namaliza shule wenzangu waliniita Saa Mbili. Nikisema jambo lolote, wanasema, huyo ni Saa Mbili, msimwamini."

Jina hilo nilikuwa nimelisikia uwanjani wakati ule. Nililisikia mara nyingi. Sikuuliza linatoka wapi.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Yameshapita, Mwalimu." Hakusema amenisamehe, nami sikumdai. Nilimpa fedha ya kazi yake, akanirudishia chenji kamili, hakupunguza wala hakukataa. Kabla sijaondoka nikamwuliza kama ataniruhusu niliseme jambo lile mbele ya watu, kwa kuwa nilimwita mwongo mbele ya watu, na kosa la hadharani haliwezi kufutwa chumbani. Akafikiri kidogo. "Sema," akasema, "ila usinitaje jina." Mwaka uliofuata nilialikwa kusema maneno machache kwenye mahafali ya shule ile ile. Miongoni mwa wazazi walikuwamo watatu au wanne waliocheka asubuhi ile. Nikasema. Sikutaja jina, lakini wao walijua, na hapana aliyecheka.

Haikumrudishia sekondari. Nimeona watu wakiandika habari za makosa yao kana kwamba kuyaandika ni kuyalipa. Mimi sina imani hiyo. Naandika kwa sababu wako walimu vijana ambao asubuhi ya kesho watasimama mlangoni na saa mkononi.

Sasa nirudi kwa mjukuu wangu. Nilimwita tena, nikamwambia, "Zote mbili zinakosea, ila moja inakosea zaidi." Tukaazima simu ya mama yake, ambayo huchukua wakati wake kutoka mtandaoni. Casio ilikuwa nyuma kwa sekunde chache. Seiko ilikuwa mbele kwa dakika tatu kasoro kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimepitisha juma bila kuirekebisha. Tukazitia majira zote mbili, yeye akihesabu sekunde kwa sauti.

"Sasa, Babu," akasema, "kama hii inakosea zaidi, kwa nini ndiyo unayoivaa zaidi?"

Nikampa aishike. Nikamwambia aigeuze pete. Akaigeuza kushoto, ikalia tik, tik, tik, akafurahi. Kisha akajaribu kuigeuza kulia. Akakaza vidole. Haikwenda.

"Imeharibika?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Kaa hapa nikueleze."